NAMBA ILIYOMSHINDA FERMAT

Sote tumefundishwa darasani habari za namba tasa, yaani namba kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 7 au 13. Namba ndogo hazitupi taabu, lakini kubwa huficha siri zao. Hebu tutazame moja ambayo siri yake ilikaa zaidi ya miaka 90.

Hupatikana hivi. Chukua 2, ongeza 1, utapata 3. Izidishe 2 kwa yenyewe, iwe 4, ongeza 1, utapata 5. Izidishe 4 kwa yenyewe, iwe 16, ongeza 1, utapata 17. Ukiendelea vivyo hivyo utapata 257, kisha 65,537. Zote tano ni tasa. Ya sita ni 4,294,967,297.

Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse katika Ufaransa, ambaye hesabu zilikuwa furaha yake, aliandika mwaka 1640 kuwa aamini namba zote za namna hii ni tasa. Uthibitisho hakuwa nao. Je, ile ya sita yakubali?

Mwisho wake ni 7, basi haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Tarakimu zake zikijumlishwa ni 59, basi haigawanyiki kwa 3. Ukiigawanya kwa 7 hubaki 5. Kwa 13 hubaki 10. Atakayeendelea hivyo yampasa kujaribu namba tasa zote zisizozidi 65,536, nazo ni 6,542, kabla hajasema kwa hakika kuwa ni tasa.

Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyefanya kazi St Petersburg, Urusi, alionyesha kuwa yagawanyika kwa 641. Baadaye alithibitisha kuwa tasa yo yote iwezayo kuigawanya hupatikana kwa kuzidisha 64 kwa namba fulani na kuongeza 1. Basi badala ya kujaribu maelfu, twaanza na 193, kisha 257, 449, 577, na 641. Ya tano yatosha! Chukua kalamu uhakikishe:

6,700,417 × 600 = 4,020,250,200
6,700,417 × 40 = 268,016,680
6,700,417 × 1 = 6,700,417
Jumla = 4,294,967,297

Hapa pana fundisho kwetu sisi tupendao kusema, "Nimejaribu mara tano, basi ni kweli." Mifano mitano si uthibitisho, hata ikiwa msemaji ni bingwa. Tena mpaka leo, pamoja na kompyuta zote, haijapatikana tasa nyingine ya namna hii baada ya zile tano, wala hapana aliyethibitisha kuwa haipo.

Ya saba ni 18,446,744,073,709,551,617, nayo hugawanyika kwa 274,177. Mwenye daftari pana na ajaribu.