Symbian: Mlango Ulifunguliwa, Wageni Wakawa Wameshapita (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia mwaka 1998, pale Psion ya London, mafundi wa kompyuta za mfukoni, ilipoungana na Nokia, Ericsson na Motorola kuunda kampuni ya Symbian. Tangu hapo nimeulizwa kama ile Nokia ya tochi nayo ilikuwa na Symbian. Hapana. Ya tochi ilikuwa na programu ndogo ya Nokia wenyewe, ya kupiga, kuandika ujumbe na kucheza nyoka. Symbian ilikaa kwenye simu za wenye nazo: 6600, N73, na baadaye N95.

Leo tuingie Juni 24, 2008. Siku hiyo Nokia ilitangaza kwamba inanunua hisa zote za Symbian zisizokuwa zake, karibu asilimia 52, kwa yuro milioni 264. Halafu ikatangaza jambo lililowashangaza wengi zaidi: mfumo wenyewe ingeukabidhi kwa taasisi isiyo ya kibiashara, na msimbo wake ungekuwa huria.

Kwa nini ununue kitu ili ukigawe? Hesabu haikuwa ngumu. Kila simu ya Symbian iliyotoka kiwandani ililipiwa ada ya leseni, na mlipaji mkubwa kuliko wote alikuwa Nokia mwenyewe. Akawa kama mtu mwenye nusu ya nyumba anayelipa kodi ya karibu vyumba vyote, huku sehemu ya kodi hiyo ikiwafaidi wenye hisa wenzake, wakiwemo washindani kama Samsung na Sony Ericsson. Tena nyumba ilikuwa na milango mitatu isiyopitana. Nokia walitumia sura ya S60, Sony Ericsson na Motorola walikuwa na UIQ, na NTT DoCoMo ya Japani ilikuwa na MOAP. Programu iliyoandikwa kwa S60 haikufanya kazi kwenye UIQ. Na Novemba 2007 Google walikuwa wametangaza Android, isiyotozwa ada ya leseni. Muuza maji siku ya mvua hana biashara.

Kwa hiyo siwaungi mkono wanaosema Nokia walilewa. Mwaka 2008 zaidi ya nusu ya simu janja zilizouzwa duniani zilikuwa za Symbian. Nia ilikuwa kuunganisha ile milango mitatu na kuondoa ada kabla wateja hawajahama. Tatizo ni kwamba msimbo wote ulifunguliwa Februari 4, 2010, chini ya leseni ya Eclipse, ambayo humruhusu yeyote kuusoma, kuubadili na hata kuuza alichotengeneza nao. Miezi ishirini ilikuwa imepita. Katika biashara ya simu, huo ni umri wa mtu.

Na aliyeufungua alikutana na nini? Mfumo uliozaliwa zama ambazo kumbukumbu ya kifaa ilihesabiwa kwa megabaiti chache, na kila tone la betri lilikuwa dhahabu. Hata neno fupi kama “habari” lilikuwa na namna kadhaa za kuhifadhiwa. Mwandishi wa programu alipaswa kujiuliza kwanza: litabadilika? Urefu wake wa juu unajulikana? Au ni la kusomwa tu? Akikopa kumbukumbu, sharti aiandikishe mahali maalumu, ili kazi ikikwama katikati mfumo uweze kuirudisha. Ulikuwa uhodari mkubwa wa Psion. Kwa kijana wa mwaka 2010 aliyetaka kutengeneza gemu kwa wiki mbili, ulikuwa mateso.

Kisha kulikuwa na vyeti. Programu za N73 au N95 zilihitaji cheti cha kielektroniki ndipo ziingie, na cheti kikipitwa na tarehe, simu iligoma. Watu waligundua dawa: kurudisha kalenda ya simu nyuma mwaka mmoja au miwili, kusakinisha, kisha kuirejesha tarehe ya leo. Na hata baada ya msimbo kuwa huria, simu zenyewe zilibaki zimefungwa. Kuusoma mfumo uliweza. Kuubadili na kuutia kwenye simu uliyoinunua kwa fedha yako, hukuweza. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo neno “huria” lilipopwaya.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwaka huohuo wa 2010 Samsung na Sony Ericsson walijitoa, na Desemba taasisi ikafunga tovuti zake. Februari 2011 Nokia ikachagua mfumo wa Microsoft. Huku kwetu, Safaricom ilikuwa ikiuza Huawei IDEOS, simu ya Android, kwa takriban shilingi 8,000 za Kenya. Simu ya mwisho ya Symbian, Nokia 808 PureView yenye kamera ya megapikseli 41, ilitoka 2012.

Leseni ya Eclipse, hata hivyo, haifutiki nyuma. Nakala za msimbo wa 2010 bado zinatunzwa na wapenzi wa programu, na ni halali. Wiki ijayo tutautazama mfumo mwingine uliotelekezwa na mwenyewe, Firefox OS, ambao msimbo wake huria ulizaa KaiOS. Kama una Smart Kitochi ya Vodacom nyumbani, iweke karibu, tutaifungua pamoja.