Kutafuta Ugali Mjini London

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kutembea kwingi ni kuona mengi. Msomaji mpenzi, familia yetu iliishi London miaka miwili, mtaa wa Hackney, mama alipokuwa akisoma huko. Wengi hapa shuleni huniuliza, "Kwani huko mlikuwa mnakula nini?" Tulikula ugali, lakini kuupata haukuwa mchezo.

Wiki ya kwanza mama aliingia duka kubwa akatoka na pakiti tatu zilizoandikwa kwa Kiingereza "unga wa mahindi". Maji yakachemka, akamimina, akasonga. Loo! Sufuriani mkawa na gundi tupu, inavutika kama ya fundi wa viatu. Kumbe Waingereza wakisema hivyo wana maana ya wanga uliochujwa kwenye mahindi, wa kufanya mchuzi uwe mzito. Ule wa ugali una jina lingine kabisa. Pesa za siku hiyo zilikuwa zimekwisha, basi tukala mkate, na kitinda mimba wetu wa miaka minne akaukataa. Alikuwa hajala vizuri tangu tushuke ndege. Mama alijifungia bafuni, nasi tukajifanya hatujui.

Jumamosi tukaenda soko la Ridley Road, pale Dalston. Soko hili lina zaidi ya miaka 100, na siku hizi utapata humo Waturuki, Wajamaika, watu wa Afrika Magharibi na Waingereza wenyewe, kila mmoja akipaza sauti. Badala ya mafungu kama yetu, nyanya na pilipili hupangwa kwenye mabakuli, kila bakuli na bei yake. Huchagui moja moja. Mwenye meza humimina bakuli zima mfukoni mwako, kwa hivyo chungulia za chini kabla hujalipa. Kuomba upunguziwe si desturi sana. Heri ungoje jioni ya Jumamosi, kwa sababu Jumapili soko hufungwa, na vitu vya kuoza haraka huuzwa bei ya kutupa.

Siri kubwa ni kutafuta chakula kwa macho, si kwa jina. Mama aliulizia mchicha, hakuna aliyemwelewa. Mara akaona terere lenyewe limefungwa mafungu! Mama mmoja Mjamaika alimwambia kwao huitwa kalalu, kisha akamwonyesha duka la unga mweupe. Wa manjano ulikuwapo pia, lakini baba, aliyekula mahindi ya manjano wakati wa njaa ya 1984, aliapa hautaingia nyumbani mwake. Mihogo nayo ilikuwa inang'aa. Hiyo ni nta, hupakwa isiharibike katika safari ndefu ya meli kutoka Costa Rica. Menya tu, itatoka na ganda. Sukuma yetu hasa hatukuiona, ila wana mboga ya majani iliyo binamu yake. Ukiikata nyembamba hata nyanya yako hatajua.

Usiku ule kitinda mimba alisinzia na tonge mkononi.

Kitu kimoja cha Kenya tulikipata bila taabu, tena katika lile duka kubwa: mishiri, imekatwa ncha, imepangwa vizuri ndani ya pakiti yenye jina la nchi yetu. Shangazi yangu wa Mwea huilima. Mama aliishika, akasoma bei, akairudisha palepale.