Majogoo Peke Yao au Mchanganyiko? Suala la Kuku wa Nyama Mjini

Ufugaji wa kuku wa nyama umeingia hata katika nyua finyu za Kariakoo na Ilala, jijini Dar es Salaam. Vifaranga wanaonunuliwa aghalabu huwa madume na majike pamoja, bila ya kubaguliwa. Kutokana na hali hiyo huzuka swali: je, mfugaji mwenye nafasi ndogo atapata faida zaidi akifuga majogoo peke yao?

Tofauti ya ukuaji

Siku ya kuanguliwa, uzito wa dume na wa jike hautofautiani sana. Tofauti hukua kadiri umri unavyosonga. Dume hujenga misuli zaidi na hutumia chakula kidogo kwa kila kilo ya uzito anaoongeza. Jike huweka mafuta mwilini mapema zaidi. Ndiyo sababu dume huhitaji protini nyingi zaidi katika chakula chake.

Chukulia kuku 50 wa wiki sita, ambao kila jogoo ana kilo 2.3 na kila mtetea kilo 2.0. Kundi la mchanganyiko, nusu kwa nusu, litakuwa na kilo 107.5, kundi la majogoo tu litakuwa na kilo 115. Ziada ni kilo 7.5, yaani asilimia 7 hivi. Ziada hiyo si haba, lakini vifo vya majogoo wanne tu vyatosha kuimaliza.

Hatari hiyo si ya kubuni. Kuku hana tezi za jasho. Hupoza mwili hasa kwa kutweta. Kuku mzito akuaye haraka huelemewa na joto upesi zaidi. Kwa hiyo, katika joto la pwani la Desemba hadi Machi, majogoo wakubwa waliosongamana katika banda lisilopitisha hewa ndio walio hatarini zaidi.

Mtego wa vifaranga rahisi

Liko kosa jingine, nalo ni kubwa zaidi. Mtu aliyesikia kwamba majogoo hukua haraka huweza kununua vifaranga madume wa kuku wa mayai, ambao huuzwa kwa bei ndogo kwa kuwa hawatagi. Hao si kuku wa nyama: hula kwa miezi kadhaa kabla ya kufikia uzito ambao kuku wa nyama huufikia kwa wiki sita.

Kuwatambua kwa macho ni vigumu. Katika kuku, jogoo ana kromosomu mbili za Z, na jike ana Z moja na W moja. Hivyo mama humrithisha Z yake mwana wa kiume tu. Katika aina nyingi za kuku wa mayai wa rangi ya kahawia, Z ya mama hubeba sifa ya weupe. Basi majike huanguliwa wakiwa wa kahawia, na madume wakiwa wa manjano hafifu, sawasawa na vifaranga wa nyama. Mnunuzi hana budi kuuliza aina ya kuku kabla ya kuuliza jinsia.

Njia inayofaa

Kwa mfugaji wa uani, mchanganyiko si hasara ikiwa vyombo vya chakula na maji vinatosha ili majogoo wasiwasukume mitetea. Kuku wazima sokoni huuzwa kwa idadi, na mnunuzi humpima kuku kwa kumwinua mkononi. Inafaa basi majogoo waliokwisha kunenepa wauzwe kwanza. Mitetea watakaobaki watapata nafasi, hewa na chakula kwa siku chache zaidi.

Zoezi kwa shule

Wanafunzi wawafunge uzi miguuni vifaranga 20 wa nyama, wawapime kila wiki kwa mizani, na kulegeza uzi kadiri miguu inavyokua. Katika wiki ya sita, vishungi na miguu vikiwa vimeonyesha jinsia, wachore grafu mbili na kutafuta wiki ambayo mistari ilianza kuachana.