Baraka: Jina la Mvulana au la Msichana?

Kama nomino ya kawaida, baraka ni neno la ngeli ya I-ZI lenye maana ya neema au heri itokayo kwa Mwenyezi Mungu, na pia ridhaa ambayo mkubwa humpa mdogo kwa kumwombea mema. Kama jina la mtu, Baraka ni miongoni mwa majina ambayo Waislamu na Wakristo wa Afrika Mashariki huyatumia kwa pamoja. Hata hivyo, mtoto wa kike anapopewa jina hilo, huenda jamaa wakadai kwamba ni la kiume. Na wazazi Wakristo wanapolichagua, huenda wakaambiwa kwamba ni la Kiislamu kwa sababu ni la Kiarabu. Madai hayo yanaweza kuamua mtu ataitwaje maisha yake yote. Yanastahili kupimwa.

Mzizi na ndugu zake

Neno hili limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa konsonanti tatu b-r-k. Mzizi huohuo umekipa Kiswahili kitenzi bariki na jina Mbaraka, kama la mwanamuziki mashuhuri wa Morogoro, Mbaraka Mwinshehe. Mbaraka ni umbo la Kiswahili la Mubarak, yaani 'aliyebarikiwa'. Sauti m- iliyo mwanzoni ni mabaki ya mu- ya Kiarabu, wala si kiambishi cha ngeli kama kilichomo katika mkulima. Ndiyo maana watu wawili wenye jina hilo hawaitwi Wabaraka.

Hapa pana kosa la kawaida la tafsiri. Jina Barack, alilorithi Rais wa 44 wa Marekani kutoka kwa baba yake Mkenya, mara nyingi huhusishwa na neno baraka na kufasiriwa 'aliyebarikiwa'. Hiyo ni maana ya Mbaraka. Baraka si mtu aliyepokea kitu; ni kitu chenyewe kinachopokewa.

Ama dai kwamba jina ni la Kiislamu kwa kuwa neno ni la Kiarabu, halisimami. Biblia ya Kiswahili hulitumia neno hilohilo katika ahadi aliyopewa Abramu (Mwanzo 12). Kiebrania nacho, kwa kuwa ni lugha ya ukoo mmoja na Kiarabu, kina mzizi huohuo, na ndimo lilimotoka jina la Baruku, mwandishi wa nabii Yeremia.

Mwanamume mmoja, mwanamke mmoja

Wanaoshikilia kwamba Baraka ni jina la kiume huweza kumtaja Baraka mwana wa Abinoamu, aliyekwenda vitani pamoja na nabii Debora (Waamuzi 4). Ni kweli huyo alikuwa mwanamume, lakini jina lake lina asili nyingine. Katika Kiebrania konsonanti yake ya mwisho ni q, na maana yake ni 'umeme wa radi'. Kiarabu kina barq kwa maana hiyohiyo. Kwa kuwa Kiswahili kwa kawaida huitamka q ya maneno kama hayo kuwa k, na huongeza irabu mwishoni, mizizi miwili isiyohusiana imeishia katika umbo moja.

Upande wa pili yupo Ummu Ayman, mwanamke wa Kihabeshi aliyemlea Mtume Muhammad. Ummu Ayman ni jina la heshima lenye maana ya 'mama wa Ayman'. Jina lake hasa lilikuwa Baraka. Kiarabu chenyewe hulihesabu neno baraka kuwa la jinsia ya kike kisarufi. Kiswahili hakina jinsia ya namna hiyo, kwa hiyo irabu -a ya mwisho haimwambii msomaji lolote. Desturi ya familia au ya mahali yaweza kuegemea upande mmoja, lakini lugha haimzuii yeyote.

"Baraka hayupo"

Imepokewa katika Sahih Muslim kutoka kwa Jabir bin Abdullah kwamba Mtume alitaka kukataza majina kadhaa, Baraka likiwamo, kisha akanyamaza bila kuyakataza. Riwaya ya Samura bin Jundub kuhusu majina ya aina hiyo inaeleza sababu: mtu huuliza kama mwenye jina yupo, naye hujibiwa kwamba hayupo. Jibu hilo huweza kusikika kana kwamba heri yenyewe imetoweka nyumbani.

Wasiwasi huo ni wa kilugha, na sarufi ya Kiswahili ina namna yake ya kuupunguza. Jina la mtu hufuata upatanisho wa A-WA, ilhali nomino ya kawaida hubaki katika I-ZI:

Baraka hayupo. (mtu)
Baraka haipo. (neema)
Baraka wangu amelala. (mtu)
Baraka zangu nimezipata kwa wazazi. (neema)

Mwanzoni mwa sentensi, herufi kubwa haisaidii, kwa maana kila neno huanza nayo. Katika mazungumzo, herufi haisikiki kabisa. Ni upatanisho unaotenganisha, na ndio unaomwezesha mzazi kusema bila utata: "Baraka wetu ndiye baraka yetu."

Kwa mfasiri na mwalimu

Mfasiri anayepeleka matini katika Kiingereza, Kifaransa au Kiarabu atalazimika kuchagua jinsia ambayo kiambishi a- hakikuitaja. Asikisie kwa jina. Atafute maneno kama binti, kaka au mke yaliyo karibu, na akumbuke kwamba Mama Baraka kwa kawaida ni mzazi wa Baraka, na kwamba jina hilo halisemi kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Jina libaki Baraka, lisigeuzwe kuwa tafsiri yake. Pale tu mwandishi anapolichezea neno, maana yake idokezwe mara moja.

Mwalimu naye anaweza kuwapa wanafunzi sentensi "Baraka imeingia nyumbani" na "Baraka ameingia nyumbani", kisha awaulize ni ipi inayohitaji kiti cha mgeni.