Nani Anaongea Juu ya Muziki?

Wanangu, kama mmewahi kuangalia muvi kwenye kibanda cha video, Bunda mjini au pale Nyasho, Musoma, sauti ya msimuliaji mnaijua. Stelingi hajafungua mdomo, jamaa keshatuambia anachowaza. Adui akiingia, anatukanwa kwa niaba yetu sote. Aliyevuma nchi nzima kwa kazi hiyo ni Derek Gaspar Mukandala, ambaye wengi walimjua kwa jina moja tu: Lufufu.

Sasa mtazameni msimuliaji mikono. Mmoja umeshika maiki, mwingine uko kwenye miksa. Akitaka kuongea anashusha sauti ya filamu; risasi zikianza kulia anaipandisha. Kinachozama hapo ni nini? Maneno ya Kiingereza au Kichina, sawa, lakini na muziki pia. Zile fidla zilizokuwa zinapanda polepole kukuonya kwamba mlango ule usifunguliwe, zinakatwa katikati, halafu onyo unapewa kwa mdomo: "We! Usifungue!" Mimi simlaumu. Amefanya kazi ileile ya fidla, tena kwa lugha unayoielewa. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alipotutafsiria tamthilia ya Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963, kazi yake ilikuwa ngumu kwa namna nyingine, ila walau hakukuwa na muziki wa kuufunika.

Wapo watu wengine wanaoongea juu ya filamu. DVD moja inaweza kubeba njia 8 za sauti, ndiyo maana kwenye rimoti kuna kitufe kimeandikwa AUDIO. Ukikibonyeza, kwenye baadhi ya filamu maneno ya waigizaji yanarudi nyuma, na anaingia mtu wa kukueleza filamu ilivyotengenezwa. Mchezo huo ulianza Marekani mwaka 1984, kampuni ya Criterion ilipotoa King Kong, filamu ya 1933, kwenye diski kubwa ya leza, na mwanahistoria wa filamu Ronald Haver akazungumza mwanzo mpaka mwisho. Baada yake wakaja waongozaji na waigizaji, watu wapendao kusikika. Watunzi wa muziki walikuwa wachache.

Mmoja wao ni Danny Elfman. Alitunga muziki wa Edward Scissorhands, filamu ya 1990 kuhusu kijana mwenye mikasi badala ya vidole. Kwenye DVD yake ipo njia ya sauti ambayo mazungumzo ya waigizaji yameondolewa, muziki ukabaki wazi, na Elfman mwenyewe anaueleza. Hapo mambo yamegeuka: msimuliaji wetu anaufunika muziki ili usikie maneno, huyu anaondoa maneno ili usikie muziki. Kuna mahali Edward anachonga malaika wa barafu, vipande vinaruka hewani kama theluji, na msichana Kim anazunguka chini yake akicheza. Hakuna mazungumzo. Kila unachokihisi pale kimebebwa na okestra na kwaya.

Na muziki huo haukushuka kutoka mbinguni. Kwa kawaida mtunzi anaoneshwa filamu ikiwa imeshakatwa na kuungwa. Anakaa na mwongozaji, wanaipitia tukio kwa tukio, wanakubaliana muziki uanze sekunde gani na ukome wapi. Ukiuwahisha, umemwambia mtazamaji siri kabla ya wakati. Ukiuchelewesha, keshaogopa bila msaada wako. Na kuna mahali pa kunyamaza kabisa, ambapo kwa maoni yangu ndipo mtunzi hodari anapojulikana.

Hapa kwetu je? Ukitoka Bunda kwenda Mwanza unapita lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Serengeti. Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka juu ya mbuga hiyo kwa ndege ndogo iliyopakwa mistari ya pundamilia, wakihesabu wanyama na kupiga filamu. Januari 1959 ndege ilianguka, Michael akafariki; kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu yao, Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti isife, ilipata Oscar mwaka 1960.

Muziki wake ulitungwa na Wolfgang Zeller. Huyu mwaka 1926 alikuwa ameitungia muziki filamu ya vivuli vya karatasi ya Lotte Reiniger, kazi ya kupendeza sana. Mwaka 1940 aliitungia pia Jud Süß, filamu ya utawala wa Hitler ya kuwachochea watu wawachukie Wayahudi. Maswali ya kumuuliza mtu huyo si haba. Lakini alifariki mwaka 1967, miaka 17 kabla ya diski ile ya King Kong. Angekuwepo aongee juu ya muziki wake, mimi ningeanza na nyumbu: walipokimbia kwenye picha, wewe ulisikia nini kwanza? Na je, uliwahi kulisikia litungu la Wakurya, lenye nyuzi zake 8?

Basi jibuni nyinyi. Chukueni simu, tafuteni kipande cha nyumbu wakivuka mto, zimeni sauti. Mmoja apige litungu, au hata debe, mwingine arekodi. Kisha kiangalieni tena, mpigaji aeleze kwa nini alianza pale na si sekunde tatu kabla. Atakayejibu "nilijisikia tu" arudie tangu mwanzo.