FN: Bunduki na Pikipiki kutoka Karakana Moja

Askari wengi wa rika la wazee wetu walijifunza kulenga shabaha kwa bunduki ya FAL, na herufi mbili za FN wanazikumbuka kama wanavyozikumbuka namba zao za jeshi. Lakini ni wachache wajuao kwamba herufi hizo hizo zilipata kuandikwa ubavuni mwa tangi la petroli. Kwa muda wa miaka zaidi ya sitini, kiwanda kilichounda bunduki hiyo kiliunda pia pikipiki, na mojawapo ilikuwa ya kwanza ya namna yake duniani.

Kiwanda hicho cha Fabrique Nationale kilianzishwa mwaka 1889 huko Herstal, karibu na mji wa Liège, nchini Ubelgiji. Nchi ambayo majeshi yake yaliingia Usumbura mwaka 1916, ikatawala hapa hadi Uhuru wetu wa tarehe 1 Julai 1962. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutimiza agizo la serikali ya Ubelgiji la bunduki 150,000 za Mauser. Hapo likazuka swali linalowakabili watengeneza silaha wote: agizo likiisha, mitambo na mafundi watafanya kazi gani?

Jibu lilikuwa baiskeli, na mwaka 1901 ikafuata pikipiki ya silinda moja, yenye injini ya sentimita za ujazo 133 tu. FN haikuwa peke yake katika njia hiyo. BSA ya Uingereza na Husqvarna ya Uswidi nazo zilitoka katika silaha zikaingia katika pikipiki. Huko Polandi, katika miaka ya 1930, kiwanda cha serikali mjini Warsaw kiliunda pikipiki za Sokół, maana yake kozi, kwa ajili ya jeshi lake. Jambo hili si la kushangaza. Mtutu wa bunduki na silinda ya injini ni ndugu: vyote viwili vyataka tundu lililonyooka, chuma kinachostahimili mlipuko, na kipimo kisichokosea hata kwa unywele.

Sifa kubwa ya FN ilipatikana mwaka 1905. Mhandisi Paul Kelecom alibuni pikipiki yenye silinda nne zilizopangwa katika mstari mmoja, ya kwanza duniani ya aina hiyo kutengenezwa kiwandani kwa ajili ya kuuzwa. Gurudumu lake la nyuma halikuzungushwa na mnyororo wala mkanda, bali na mhimili wa chuma uliofunikwa. Aliyewahi kupanda milima yetu wakati wa masika, tope jekundu likiganda katika mnyororo, hana haja ya kuelezwa faida yake.

Mwaka 1914 Wajerumani waliivamia Ubelgiji, na Herstal ikawa mikononi mwao kwa miaka minne. Baada ya vita kazi ilianza upya, na kufikia mwaka 1938 kiwanda kilikuwa kimelipatia jeshi la Ubelgiji pikipiki ya M12. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 992. Ilikuwa na kigari cha ubavuni ambacho gurudumu lake nalo lilisukumwa na injini, na gia ya kurudi nyuma. Ziliundwa zaidi ya elfu moja.

Tarehe 10 Mei 1940 Wajerumani walirudi. Siku 18 baadaye, jeshi la Ubelgiji likaweka silaha chini. M12 nyingi zilitekwa zikiwa nzima, zikapakwa alama za adui, zikamtumikia kama zilivyowatumikia wenyewe. Ndugu askari, hapa pana fundisho lisilofaa kusahauliwa: chombo hakina utii. Humtii yeyote aliyeshika usukani wake. Utii ni wa mtu, na lindo la chombo ni wajibu wake.

Baada ya vita FN iliendelea kuunda pikipiki, na katika miaka ya 1960 ikatoa AS 24, chombo cha magurudumu matatu kilichoweza kukunjwa na kudondoshwa kwa parashuti, kisha kikabeba askari wanne. Lakini wakati huo raia wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuhamia katika magari madogo. Kabla ya miaka ya 1960 kumalizika, FN iliacha kuunda pikipiki, ikaendelea na silaha.

Hata hivyo, kanuni ya Herstal haikufa. Ingia leo katika gereji za Buyenzi, umtazame fundi akipima pistoni kwa kidole kabla ya kuirudisha mahali pake. Kisha mtazame askari katika ghala la silaha akipitisha kitambaa chenye mafuta ndani ya mtutu. Wawili hao wanafanya kazi moja. Anayezembea katika mojawapo hujua kosa lake siku ile ambayo hana nafasi tena ya kulisahihisha.