Gitaa la Umeme Kwenye Meza ya Seremala (Sehemu ya Pili): Shingo, Vipimo na Sumaku

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kiwiliwili cha gitaa la umeme. Tuliona kuwa ni ubao mnene usio na uwazi mkubwa ndani, na kwamba seremala wa Tezo, Kilifi, anayeunda vitanda na milango hashindwi kuuchonga. Leo tunafika penye ugumu. Hapa ndipo chombo huimba, au huishia kuwa pambo la ukutani.

Wanaodhani kazi hii ni ya viwanda tu wakumbuke mwaka 1963, pale kijana wa Uingereza, Brian May, na baba yake walipoanza kuunda gitaa nyumbani kwa zana za mkono. Shingo waliichonga kutoka mbao kuukuu za mahogani zilizopambia meko. Springi zilitoka kwenye injini ya pikipiki, na alama za shingoni zilikuwa vifungo vya nguo. Gitaa hilo ndilo lililosikika katika nyimbo za bendi ya Queen, likiandamana na sauti ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. Zana za mkono kama randa, patasi, tupa na msasa zimejaa katika karakana za kando ya barabara ya Kilifi kwenda Malindi.

Tuanze na shingo. Nyuzi sita zikikazwa huvuta kwa jumla ya kilo 45 hivi, karibu uzito wa mfuko wa saruji, usiku na mchana. Ndiyo maana mafundi huchimba mfereji ndani ya shingo na kulaza humo fimbo ya chuma yenye nati, ya kuinyoosha inapoanza kupinda. Ubao wake uwe mgumu, ulionyooka, usio na fundo. Mkilifi, yaani mwarobaini, ni wa ukoo mmoja na mahogani, na wachongaji wa Malindi wanaufahamu vyema. Lakini nyuzinyuzi zake hupishana, kwa hiyo mimi ningeuacha kwa kiwiliwili. Mwembe nao usidharauliwe, kwani huko Hawaii mafundi huunda ukulele kwa mbao zake.

Tatizo letu kubwa la pwani ni unyevu. Ubao uliokaushwa Tezo hubaki na maji mengi kuliko ule uliokaa katika nyumba ya Ulaya inayopashwa joto wakati wa baridi. Gitaa likifika huko, shingo husinyaa kwa upana, na ncha za vile vyuma vyembamba vilivyopachikwa juu yake hutokeza na kukwaruza vidole. Mteja hatamrudia fundi wake. Kwa uchache, ubao upasuliwe mapema, upangwe kivulini juu ya vijiti ili hewa ipite katikati, na uachwe mwaka au zaidi. Haraka katika hatua hii huharibu kila kinachofuata.

Sasa vipimo vya hivyo vyuma, ambavyo wanamuziki huviita freti. Tuseme nyuzi zina urefu wa milimita 648, kipimo cha magitaa mengi ya kampuni ya Fender. Gawanya kwa 17.817, upate 36.4: hapo ndipo freti ya kwanza inapokaa. Urefu uliosalia ugawe tena kwa namba hiyohiyo, na uendelee hivyo. Freti ya 12 lazima iangukie katikati kabisa, milimita 324. Vincenzo Galilei, baba wa mwanafalaki Galileo, alipendekeza kugawa kwa 18, na mafundi wakaifuata hesabu hiyo kwa muda mrefu. Ukiitumia leo, freti ya 12 itakosea kwa zaidi ya milimita mbili, na sikio litalalamika. Seremala aliyezoea kukadiria kwa jicho hapa ashike rula ya chuma, apime kila mara kuanzia mwanzo wa nyuzi, asipime kutoka freti hadi freti, maana kosa dogo hujilimbikiza.

Sauti hutokana na sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake huamsha umeme mdogo ndani ya waya, na amplifaya huukuza. Mafundi wanaosuka upya mota za pampu za maji wanaijua kanuni hii. Tofauti ni wembamba wa waya na subira.

Kuna jambo la sheria pia. Tangu Januari 2017 mbao za mpingo, zinazofaa sana kwa uso wa shingo, haziuzwi nje ya nchi bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa katika sharti hilo. Maana yake, mpingo uliopatikana kihalali hupita kwa urahisi zaidi ukiwa umekuwa gitaa kuliko ukiwa gogo. Ni hoja nzito ya kumalizia kazi hapahapa.

Wapigaji hatukuwakosa kamwe. Fundi Konde, mwana wa Kilifi aliyezaliwa 1924, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupiga gitaa la umeme nchini Kenya. Waundaji ndio pengo. Vyuo vya ufundi vya kaunti, wekeni gitaa katika masomo ya useremala, hata kama ni moja kwa kila darasa. Nanyi wenye karakana, anzeni kukausha mbao mwaka huu.